Gari Lenye Nyota Mbili

Waithera hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti atakikalia nusu, mguu mmoja tayari umeelekea mlangoni. Nilifanya kazi naye chumba kimoja kwa miaka minne, ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani karibu na Moi Avenue, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai bila kuinuka. Mimi ni Mbithe, niliyekuwa kwenye redio. Askari wetu waliniita kila saa kutoka magetini kusema wako macho, nami nikiwajibu. Yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta. Natangulia kusema hivi kwa sababu watu wakisimulia habari ya Zedekiah siku hizi husema "kompyuta ilikosea", na hapo napandwa na hasira. Kompyuta ilifanya ilichoambiwa. Tulikosea sisi, na mimi nimo.

Kampuni ilikuwa ya ulinzi, mali ya Bwana Harbhajan, mzaliwa wa Nairobi aliyeirithi kutoka kwa baba yake. Kila geti lilikuwa na kitabu kikubwa cha mistari, na sheria ilikuwa moja: gari likiingia, andika, likitoka, andika tena, na useme limebeba nini. Kila Ijumaa vitabu vilivyojaa vililetwa mjini, na Waithera akaviingiza kwenye sistimu mstari kwa mstari. Alizijua hati za askari wote. Kuna aliyeandika "gari nyeupe" kutwa nzima akaona amemaliza kazi. Kuna aliyeandika kama anafukuzwa. Halafu alikuwapo Zedekiah wa geti tuliloliita Lavington tatu, lenye nyumba kadhaa ndani, mtu wa Vihiga, miaka hamsini na mitano, aliyeandika kila kitu. Gari la gesi: mitungi miwili imeingia, mitungi miwili mitupu imetoka. Waithera alipokifikia kitabu chake ndipo alipokalia kiti chote.

Sistimu yenyewe aliitengeneza yeye, kwa programu iliyokuja na kompyuta na kwa ubishi wake mwenyewe. Ukitaka kutafuta, kidirisha kilikuuliza: namba ya gari? Kama unaijua yote, unaandika yote. Kama unajua kipande tu, unaandika kipande na kukiwekea nyota mbele na nyuma. Nyota ilimaanisha hapa pana kitu, chochote kile, usijali ni nini. Ukiandika *902* unaletewa kila gari lenye 902 mahali popote kwenye namba yake.

Shida ilikuwa kina Ng'ang'a. Tulikuwa nao saba. Ukimtafuta askari kwa jina, jina hilo lilishonwa ndani ya amri yenyewe, likiwa limefungwa kwa vialama huku na huku. Sasa kile kialama cha juu kilicho katikati ya Ng'ang'a, mashine ilikiona kuwa ndio mwisho wa jina. Kilichobaki haikukielewa, na programu ikazima. Tulimsikia bosi kutoka ofisini kwake, "Waithera! Ng'ang'a ameua computer tena!"

Hilo lilimnyima raha. Krismasi ya mwaka 2003 hakwenda popote; alikaa na kitabu kikubwa alichoazima, akaiandika upya sehemu yote ya kutafutia. Mtindo mpya ulikuwa tofauti. Swali linaandikwa kwanza likiwa na nafasi wazi, halafu neno la mtu linatiwa kwenye nafasi hiyo lilivyo, na mashine hailisomi kama amri hata likiwa na vialama kumi. Nafasi hiyo aliiita parameta. Januari kina Ng'ang'a wote saba walipita bila kelele, na Waithera akatembea ofisini siku nzima akimwonyesha kila mtu, hata mama wa chai. Kwenye skrini ya bosi akabandika karatasi, maneno yale yale ya zamani: Kama hujui namba yote, weka nyota mbele na nyuma.

Alikuwa ameijaribu, msinielewe vibaya. Alitafuta magari thelathini na yote yakaonekana. Lakini yote thelathini aliyaandika kwa namba kamili, kwa sababu namba alizinakili kwenye vitabu vilivyokuwa mbele yake. Na miezi mitatu iliyofuata, kila aliyetuuliza juu ya gari alikuja na namba kamili.

Mwezi wa tatu bosi alisema stoo imejaa vitabu na anataka nafasi. Waithera ndiye aliyemwambia vitupwe. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Kila kitu kiko ndani ya sistimu. Hizi karatasi ni za panya tu." Hakuvitupa kweli. Alivipeleka kwao Dagoretti, kwa Kihara mchinjaji, jirani yake, ambaye alikuwa akifungia nyama kwa karatasi yoyote aliyoipata. Kihara akamshukuru kwa mifupa ya supu, na sisi tukapata stoo.

Basi Aprili akarudi Bi Jashoda. Huyu alikuwa mjane wa pale Lavington tatu, aliyekwenda Uingereza tangu mwanzo wa mwaka kumwona mjukuu. Alifungua mlango akakuta sebule tupu. Meza ya mninga aliyoitengeneza marehemu mumewe kwa mikono yake, viti sita, cherehani, vyote havipo. Mlango haukuvunjwa. Polisi wakamuuliza askari wa mchana, na askari wa mchana alikuwa Zedekiah.

Zedekiah hakukana. Alisema vitu vilitoka mchana kweupe, kwa pikapu, na aliyekuja navyo getini ni Rohan, mpwa wa Bi Jashoda, aliyeachiwa ufunguo. Rohan alitoa barua kwamba vinapelekwa kwa fundi. Zedekiah aliibana barua ndani ya kitabu na kuandika gari. Tarehe hakuikumbuka, ilikuwa kama Februari. Herufi za namba zilikuwa zimemtoka, ila tarakimu alikuwa nazo: 417. Rohan naye akasema hajui pikapu, hajui barua, na mzee anamsingizia.

Ijumaa asubuhi walikuja wote ofisini, Bi Jashoda, polisi wawili, na Zedekiah katikati yao, kofia ya kazi mkononi. Bwana Harbhajan akakaa mbele ya skrini yake. Akaisoma ile karatasi kwa sauti, akaandika taratibu, nyota, nne, moja, saba, nyota. Akabonyeza. Sisi sote tuliinama kutazama.

Hakuna rekodi.

Akarudia. Hakuna rekodi. Akamwita Waithera, naye akajaribu mwenyewe mara tatu, amesimama. Hakuna rekodi.

"Mzee," bosi akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "computer inasema hiyo gari haikukuja."

"Niliandika, bosi," Zedekiah akasema. "Madam Waithera, wewe unajua mimi huandika."

Waithera akaigeukia skrini tena. Na mimi sikumtetea. Kuna jambo lilinijia, kwamba huenda siku fulani ya Februari mzee huyu aliniita, "Dada Mbithe, pikapu inatoka na vyombo, barua ninayo," nami nikamjibu, "Sawa mzee, andika." Lakini jibu hilo nilikuwa nikiwapa watu arobaini kwa siku, ningeapa vipi? Polisi wakaondoka naye. Wakasema atafikishwa kortini Jumatano.

Tangu hapo Waithera hakutulia kabisa. Alikuwa dirishani, mara mlangoni, mara amenisimamia mimi kwenye redio.

"Yule si mtu wa kuruka mstari," akaniambia. "Mbona hakuna?"

"Labda ameungana na wezi," nikasema. Niliyasema hayo, na sitayaficha.

"Zedekiah? Aliandika hadi paka akiingia!"

Saa kumi kasorobo akaapa atafungua rekodi zote za Lavington na kuzisoma moja moja kwa macho yake. Alikuwa ndio kwanza anavuta kiti, stima zikapotea. Jengo zima. Tukasubiri hadi saa kumi na moja, mlinzi wa chini akaja kutufukuza, akasema transfoma imeungua na hazirudi kabla ya Jumatatu.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu yangu ikalia. "Nikukute Adams Arcade, pale kwa stage ya matatu," akasema. "Usiniulize." Nilimkuta anazunguka kibanda cha magazeti, amevaa sweta ndani nje. Nikamwambia avae vizuri, akaigeuza pale pale mbele ya watu akiwa anaongea. Alikuwa hajalala. Alitaka vitabu.

Kihara alikuwa na wateja, panga mkononi. Vitabu vyetu vilikuwa vimetundikwa kwa waya ukutani, vimebaki majalada na mabaki, maana alikuwa akichana kurasa tangu mwezi wa tatu. Waithera akapita nyuma ya kaunta bila kuomba.

"Mama Nyawira, kwani ni nini?" Kihara akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Ulisema hizi hazina kazi."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa nilikosea, Kihara, wachana na mimi."

Jalada la Lavington tatu tulilipata. Ndani hamkuwa na hata ukurasa mmoja, wala ile barua ya Rohan. Akabaki amelishika lile jalada kifuani. Ndipo macho yake yakaangukia kwenye kaunta, kwenye kilo mbili za nyama zilizofungwa zikimsubiri mwenyewe, na juu ya karatasi ile ilikuwa hati ya Zedekiah. Aliitambua kwa mbali.

"Hiyo ni ya mtu!" Kihara akalia. "Imelipiwa!"

"Mfungie kwa gazeti," Waithera akasema, na tayari alikuwa anaifungua.

Ilikuwa karatasi moja, ya tarehe kumi na nne Januari, imelowa damu pembeni. Niliisoma juu ya bega lake. Gari la gesi. Fundi wa mabomba. Mwalimu wa piano. Hapakuwa na pikapu wala 417.

"Tumekuja bure," nikasema. Nilikuwa na njaa na viatu vyangu vilikuwa vimejaa tope la Dagoretti, na nadhani nilisema kwa ukali.

Akaikunja karatasi ndani ya leso. "Sijui itanisaidia nini," akasema. "Lakini hizi gari, kwa hakika zilipita. Hiyo ndiyo kitu moja najua."

Jumatatu nilifika saa moja na nusu, nikamkuta tayari yuko mbele ya mashine, na ile karatasi imekauka juu ya meza, inanuka. Aliandika namba kamili ya gari la gesi, KAN 902C. Ikaja mara moja, na mitungi yake miwili mitupu. Akaandika ya fundi wa mabomba. Ikaja. Akaandika ya mwalimu wa piano. Ikaja.

"Unaona? Sistimu iko sawa," nikamwambia.

Akafuta, akaandika kama karatasi ya bosi ilivyoagiza: nyota, tisa, sifuri, mbili, nyota.

Hakuna rekodi.

Gari lile lile. Dakika mbili hazijapita tangu tulione. Waithera akainuka, akakaa, akainuka tena. Akaenda hadi mlangoni akarudi. Halafu akavuta kile kitabu kikubwa cha Krismasi, akakifungua nyuma, akapitisha kidole kwenye mistari, na nikaona kidole kimesimama.

"Mungu wangu," akasema. "Mbithe, nimemfunga yule mzee."

Alinieleza akiwa ananong'ona, kana kwamba bosi yupo nyuma ya ukuta. Kwenye programu ya zamani alama ya "chochote kile" ilikuwa nyota. Kwenye njia mpya aliyoitengeneza Krismasi, alama hiyo ni ya asilimia. Nyota huko haina kazi, ni nyota tu. Na parameta, kwa ule uaminifu wake aliousifia, ilikuwa imechukua neno lilivyo na kulitafuta lilivyo. Siku ya Ijumaa, mbele ya polisi na Bi Jashoda, mashine ilitafuta gari ambalo namba yake inaanza kwa nyota, inafuatiwa na 417, na inaishia kwa nyota. Gari kama hilo halijawahi kuingia Lavington wala popote duniani. Mashine ikasema ukweli.

Nilicheka. Naona aibu kuandika, lakini nilicheka, kisha nikaona uso wake nikaacha.

Akaandika alama ya asilimia, 417, alama ya asilimia. Zikaja tisa, za mageti yote. Ya nne ilikuwa hii: KAQ 417D, tarehe kumi na tisa Februari. Pikapu nyeupe. Imeingia tupu saa nne na dakika kumi. Imetoka saa tano kasorobo na meza kubwa, viti sita, cherehani moja. Barua ya Rohan nimeibana hapa. Zedekiah.

Maneno hayo Waithera aliyachapa mwenyewe, kwa vidole vyake, wiki mbili baada ya siku ile. Hakuyakumbuka. Anachapa mistari mia tatu kwa siku, angekumbuka vipi? Nilimwambia hivyo. Hakutaka kusikia.

Bosi alipoingia Waithera hakumngoja avue koti. Nilisikia yote, mlango ulikuwa wazi.

"Lakini mimi nimeshaambia polisi," Bwana Harbhajan akasema. "Nimeambia mama Jashoda. Wewe ulisema computer haiwezi kukosa kitu."

"Nilisema, bosi. Gari iko. Ni mimi nilikosea kuandika swali."

"Ile karatasi kwa screen yangu?"

"Ni yangu."

Nilimwona bosi akiibandua ile karatasi polepole na kuitazama pande zote mbili, kama kwamba nyuma kungekuwa na maelezo mengine. Angeweza kumfukuza. Angeweza pia kunyamaza na kumwacha mzee aende kortini, maana Bi Jashoda alikuwa na majirani, na majirani walikuwa na mageti yanayolindwa na sisi. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti cha redio na sikuwa nasema na mtu.

"Print," akasema mwishowe. "Mimi naendesha gari, wewe unaongea. Unawaambia vile umeniambia."

Akawaambia. Kwa namba kamili polisi walimpata dereva wa pikapu siku hiyo hiyo, na dereva akawapeleka hadi kwenye nyumba alikoshusha meza, na mwenye nyumba akasema aliyemletea ni Rohan. Bi Jashoda aliondoa malalamiko Jumanne asubuhi. Hatukumwona tena ofisini, na barua ya kuomba radhi haikuja. Meza ilirudi, hilo nalijua kwa sababu askari mpya wa Lavington tatu aliiandika.

Ndiyo, askari mpya. Zedekiah alikuja Jumatano mchana kurudisha sare. Alikuwa ameikunja vizuri. Ndevu zilikuwa zimemwota nyeupe tupu. Bosi akamwomba arudi, akamwomba kweli kweli, akiwa amesimama. Mzee akasema ahsante, lakini anaenda nyumbani kwanza.

Waithera alikuwa amejipanga. Siku mbili alikuwa akitembea huku na huku akitunga maneno, nyota na asilimia, kina Ng'ang'a, Krismasi. Mzee aliposimama mbele yake, yote yakampotea.

"Ni mimi," akasema. "Mzee, ni mimi. Uliandika. Ni mimi sikujua kuuliza." Na machozi yakamtoka hapo hapo.

Zedekiah akavuta kiti akakaa. Akaomba aonyeshwe. Waithera akamfungulia, naye akaisogelea skrini, akaisoma taratibu akifuata kwa kidole bila kugusa kioo. Akafika kwenye viti sita, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Siku ya kwanza mle ndani nilikuwa najua niliandika," akasema. "Ya pili nikajua. Siku ya tatu nikaanza kuwaza, kompyuta haina shida na mimi, haiwezi kunisingizia. Basi labda sikuandika. Labda niliota. Siku ya nne, madam, nilikuwa nimekubali. Nilikuwa tayari kuwaambia hivyo kortini, yaishe."

Redio yangu ilikuwa inaita, nikaizima.

"Naomba karatasi yake," akasema. "Mama watoto alipigiwa simu Ijumaa kwamba mimi ni mwizi. Hiyo habari imefika kanisani mbele yangu."

Waithera akachapisha. Mzee akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Kisha akabaki amekaa, mikono magotini, akiitazama printa.

"Toa nyingine," akasema.

"Ya kanisa?"

"Hapana. Hiyo nyingine ni ya kwangu. Nikianza tena kufikiri sikuandika."

Ilipotoka aliisoma yote kabla ya kuikunja, na hii aliitia mfuko wa ndani wa koti. Baada ya yeye kushuka ngazi Waithera alifuta yale maneno "Hakuna rekodi" kwenye programu. Mahali pake akaandika "Sijaipata. Uliza tena." Halafu akainuka, akaenda dirishani, na alikuwa bado amesimama pale nilipochukua mkoba wangu kwenda nyumbani.